Asilimia kumi ya nini?

SWALI: Niko chuo kikuu, nasoma utangulizi wa takwimu. Katika ripoti yangu, waliofaulu mtihani mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 40 ya darasa. Mwaka uliofuata, asilimia 50. Niliandika: "Waliofaulu wameongezeka kwa asilimia 10." Mhadhiri ameipigia mstari mwekundu. Nimekosea hesabu au lugha? Halafu, ni "takwimu inaonyesha" au "takwimu zinaonyesha"?

JIBU: Umekosea lugha, na hesabu ikaharibika nayo. Kila unapoandika "asilimia", jiulize: ya nini? Ukisema kitu kimeongezeka kwa asilimia fulani, msomaji anapima ongezeko hilo dhidi ya kiwango cha mwanzo. Mwanzo wako ni 40. Kumi juu ya arubaini ni robo, kwa hiyo kiwango kimeongezeka kwa asilimia 25. Ile 10 uliyoiona ni tofauti kati ya asilimia zako mbili, 40 na 50, na hiyo huitwa pointi 10 za asilimia. Mambo yangegeuka, kiwango kikashuka kutoka 50 hadi 40, pointi zingebaki 10 zilezile, lakini kingekuwa kimepungua kwa asilimia 20, maana sasa unaanzia 50.

Chunga sana "kwa" na "hadi". "Kwa" hutaja kiasi kilichoongezeka. "Hadi" hutaja mahali kilipofikia. "Kimepanda kwa asilimia 50" na "kimepanda hadi asilimia 50" ni habari mbili tofauti kabisa, na nasikitika kila nikiona zinachanganywa kwenye vichwa vya habari.

Kuna kasoro nyingine ambayo huenda mhadhiri wako ameiona: kiima cha sentensi. Umesema *waliofaulu* wameongezeka. Una hakika? Tuseme darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 200: asilimia 40 yao ni 80. La pili lilikuwa na 120: asilimia 50 yao ni 60. Kiwango kimepanda, waliofaulu wamepungua! Asilimia peke yake haitoshi kukuambia idadi ya watu. Basi kiima kiwe kile ulichokipima: "Kiwango cha kufaulu kimepanda kutoka asilimia 40 hadi asilimia 50." Sentensi hiyo haimpotoshi mtu, na anayetaka ile 25 ataikokotoa mwenyewe. Ukiweza, taja pia ukubwa wa kila darasa. Mimi huona ripoti isiyoutaja haijakamilika.

Kuhusu takwimu: ukikusudia tarakimu zilizokusanywa, tumia wingi, "takwimu zinaonyesha". Ukikusudia somo lenyewe, umoja ndio unaofaa: "Takwimu inafundishwa muhula wa kwanza."