Lori la Zamani Linavuja Oili: Uweke Namba Gani?

Ujumbe wa msomaji ulikuwa mfupi: lori la dizeli la zamani, kila asubuhi kuna dimbwi chini ya injini, na fundi anamshauri aache 15W-40 ahamie namba 50. "Nikubali?" Usikubali kwanza. Oili inatokea wapi? Fundi anayetaja namba kabla ya kuingia uvunguni na tochi anabahatisha kwa pesa yako.

Tuanze na namba zenyewe, maana ndizo zinazowachanganya watu dukani. Kwenye 15W-40, ile yenye W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi. Ikiwa ndogo, oili huwahi kufika juu kwenye tapeti (vyuma vinavyofungua valvu) unapowasha. Namba ya pili ni uzito wake, yaani ugumu wa kutiririka, ikiwa imechemka, na hupimwa kwenye nyuzi joto 100. Kipimo chake ni sentistoku: namba 40 ni kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, namba 50 ni kuanzia 16.3 hadi chini ya 21.9.

Sasa linganisha. 15W-40 ya kawaida kwenye nyuzi 40 huwa na sentistoku 100 na ushee. Ikifika nyuzi 100 hubaki na 14 au 15. Joto la injini peke yake limeipunguza uzito karibu mara saba, na wewe unataka kuziba tundu kwa kuongeza sentistoku nne au tano za namba 50! Matone yatapungua kidogo, hayatakoma. Na kuna gharama yake: 20W-50, yaani namba 50 yenye W, ikiwa baridi huchelewa kufika juu, na lori lenye turbo ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu beringi za turbo zinaanza kuzunguka kwa kasi wakati oili bado iko njiani.

20W-50 ina mahali pake. Kama jedwali la kitabu cha gari linairuhusu kwa joto la eneo unalofanyia kazi, na injini imechakaa kiasi kwamba presha ya oili inashuka ikichemka na kuachwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), hapo hatua hiyo moja ina maana. Namba 50 tupu, isiyo na W, waachie wenye injini ambazo kitabu chake kinaitaja.

Kabla ya uzito, soma herufi za API (taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili) nyuma ya galoni. Hapa ndipo watu wanapokosea vibaya kuliko kwenye namba. Dizeli hutafutiwa herufi zinazoanza na C. Kwa malori mengi ya zamani CI-4 inatosha kabisa, na CK-4 iliyotoka mwishoni mwa 2016 inaweza pia kutumika kwenye injini zilizoitangulia. FA-4 iache dukani. Hiyo ni oili nyepesi iliyotengenezwa kwa injini mpya, na haikukusudiwa kurudi nyuma. Oili yenye herufi ya S peke yake, kama SN au SP, ni ya petroli. Na kama lori lako ni la petroli lenye tapeti bapa za zamani, jua kwamba oili za kisasa za 5W-30 zimepunguziwa fosforasi na zinki ili kulinda katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, wakati tapeti za aina hiyo zinazihitaji ili zisilike.

Oili ya madini ya kawaida, au sintetiki iliyoundwa kiwandani kwa kemikali? Kuna imani sugu kwamba sintetiki inaleta kuvuja. Sintetiki za mwanzo kweli zilikuwa zinasinyaza mpira wa sili. Za leo zimewekewa kemikali ya kusawazisha hilo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba sabuni ya oili mpya imeosha tope lililokuwa limeziba ufa. Ufa ulikuwapo, tope ndilo lilikuwa gasketi yako. Hata hivyo, lori linalomwaga lita nzima kwa wiki halistahili oili ya bei kubwa. Weka 15W-40 nzuri ya madini, na tofauti ya bei nunulia sili.

Oili za magari yaliyotembea sana zina viungo vinavyoufanya mpira uliokauka uvimbe kidogo na kulainika. Zinafanya kazi pale sili inapotoa jasho tu. Usitarajie jibu siku ya pili, zipe kipindi kizima hadi kumwaga oili tena. Mdomo wa sili ukiwa umechanika, shafti ikiwa imechimbika mfereji pale sili inapokaa, au gasketi ya koki (gome laini kama la vizibo vya chupa) ikiwa imekatika, hakuna oili itakayokusaidia. Nyingi ya oili hizi zimetengenezwa kwa petroli, kwa hiyo tafuta ile C tena. Dawa za kuziba za kwenye chupa ni mchezo uleule, kwa dozi kali zaidi. Na wale wanaotia oili ya breki ndani ya injini ili sili zivimbe, waache mara moja. Mpira unavimba, kisha unakuwa kama ugoro uliolowa, na beringi za kranki, shafti kuu ya injini, zinalainishwa na kitu kisichojua kazi hiyo.

Kuhusu kutafuta mvujo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapookolewa. Osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, ikaushe, endesha dakika 15, kisha anza kuangalia juu ukishuka. Oili huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma, kwa hiyo sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyolowa huenda haina kosa lolote. Ukishindwa kuona, pulizia poda ya mtoto sehemu unayoishuku. Mstari mweusi utajichora wenyewe.

Kagua gasketi ya kava la tapeti kwanza. Halafu chomoa soketi ya swichi ya presha ya oili: ukikuta oili ndani yake, swichi imepasuka ndani, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Tazama filta, kwa sababu ringi ya filta la zamani hubaki imeganda kwenye bloku na jipya likafungwa juu yake. Kisha tazama washa (ringi bapa) ya bolti ya kumwagia oili, paipu inayorudisha oili kutoka kwenye turbo, sili ya kranki nyuma ya puli. Mwisho kabisa ni pale injini inapokutana na gia boksi. Hapo nusa. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, na ukiisikia huenda mvujo ni wa gia boksi. Ikiwa ni oili ya injini, sili ya nyuma ya kranki imeondoka na klachi ndiyo itakayofuata, kwa kulowa na kuteleza.

Kabla ya kufungua chochote, kagua briza, tundu la kupumulia la injini. Ikiziba, presha ndani ya injini hupanda na kusukuma oili kupitia sili yoyote dhaifu, na unaweza kubadilisha sili tatu bila faida. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukilaze juu ya tundu. Kikicheza kidogo ni sawa. Kikirushwa, ama briza imeziba ama pistoni zinavujisha gesi. Safisha briza na paipu yake, rudia.

Kosa lingine ni kujaza kupita alama ya juu, "akiba ya safari". Kranki ikifika kwenye oili inaipiga kama mtu anayekoroga mayai, povu linajaa, presha inayumba na mvujo unazidi. Pima mahali tambarare, dakika kumi baada ya kuzima. Na bolti za kava msizinyonge! Bati linapinda, koki inakamuliwa nje, na mvujo uliokuwa mmoja unakuwa mitatu. Anzia katikati, nenda nje kwa zamu, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu.

Mvujo unaodondokea egzosi haungoji mshahara: unawaka moto. Mwingine ulio mdogo unaweza kusubiri, mradi uandike lita unazoongeza kwa kila kilomita 1,000 na uongezee oili ya herufi na namba ileile. Kuongezea hakuchukui nafasi ya kumwaga, maana filta chafu bado iko pale.

Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza: baki na 15W-40 ya CI-4, safisha briza, chomoa soketi ya swichi. Kisha laza boksi la karatasi chini ya injini usiku, uandike juu yake upande wa mbele ni upi, na asubuhi uzungushie kila doa kalamu na tarehe. Fanya hivyo usiku tatu. Boksi hilo ndilo umpelekee fundi.