Wakili mpya Tanga: anza na jalada

Mdogo wangu unayeanza kesi za jinai hapa Tanga, ubaguzi wa kabila na dini hutausikia sana ukitamkwa mahakamani. Utaukuta kwenye karatasi. Shika hati ya mashtaka: mara nyingi utakuta jina, umri, kabila, dini, kazi, ndipo ufike kwenye kosa. Shahidi hajaapa bado, na msomaji keshaambiwa huyu mtu ni wa wapi na anaabudu nini.

Kesi za wakulima na wafugaji kutoka Handeni na Kilindi zitakufundisha mengi. Shahidi kaandika maelezo polisi: "Nilimuona Mmasai akikimbia." Ilikuwa usiku, mwanga wa tochi. Usimwite mwongo. Muulize aliona nini hasa: sura, kimo, au rubega na fimbo? Akijibu rubega, mkumbushe kwamba inauzwa gulioni na anaivaa yeyote, hata kijana wa Kizigua aliyeajiriwa ulinzi. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, kwamba utambuzi wa macho hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Kisha linganisha: siku ya kwanza alisema "Mmasai" tu, leo kizimbani ana jina kamili. Kalipata wapi, na nani kampa? Omba maelezo yale yapokelewe kuwa kielelezo. Ukimhoji juu juu bila kuyaingiza, jaji hatakuwa na cha kushika anapoandika hukumu.

Gwaride la utambuzi, pale shahidi anapoonyeshwa watu waliopangwa mstari ili amtaje aliyemuona, ni hivyo hivyo. Kama mteja wako ndiye pekee aliyetobolewa masikio kwenye mstari ule, shahidi hakutambua mtu, alitambua kabila. Pinga fomu ya gwaride siku inapoletwa, usingoje rufaa.

Dai mkalimani mapema. Kiswahili cha kuuzia mbuzi hakimtoshi mtu kujitetea kwenye kesi ya mauaji. Na kijana wa Kimasai aliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa atakiinamisha hata mbele ya jaji. Wapo watakaosema anaficha jambo. Desturi hiyo itolee maelezo kupitia ushahidi wake mwenyewe.

Usitegemee wazee wa baraza, raia wanaokaa na jaji kumshauri, wamfafanulie desturi hiyo: tangu marekebisho ya sheria ya 2022, si lazima tena kwenye kesi za Mahakama Kuu.

Linaloniuma zaidi ni sisi mawakili. Shahidi akiwa Mdigo, utamsikia mwenzetu anamchokonoa habari za uganga, na kesi yenyewe ni ya wizi wa ng'ombe. Usifanye hivyo hata kama mteja wako atafaidika. Mwingine akifanya, simama upinge, na hakikisha pingamizi lako limeingia kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya mahakama, kwa sababu majaji wa rufani watasoma kilichoandikwa tu.