Je, mwarobaini hunywewa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wilayani Muheza, Tanga. Katika insha kuhusu miti ya dawa, mwanafunzi wangu ameandika: "Nilipougua malaria, bibi alininywesha mwarobaini uchungu wenye kwinini nyingi." Nimemkata alama kwa sababu mwarobaini ni mti, na mti haunywewi. Mwenzangu anayefundisha baiolojia haoni tatizo hapo, ila anaikataa hiyo kwinini. Nani kati yetu amepatia?

JIBU: Mwalimu, hapa mwenzako amepatia. Wewe umekata alama pasipo kosa, na kosa la sarufi lililokuwa kwenye neno linalofuata limekupita.

Kanuni uliyoishika ipo kweli. Mti hupewa m-, zao lake huivua: mnazi na nazi, mwembe na embe, mtumbaku na tumbaku. Hata kwenye dawa tunaikuta: mshubiri ni mmea, shubiri ni ule utomvu tunaoufananisha na kila kitu kichungu. Lakini mwarobaini uvue m- ubaki na nini? Jina limetokana na arobaini, idadi ya maradhi ambayo watu husema mti huo unayatibu. Ukiondoa m- unabaki na hesabu, au na arobaini ya msiba. Kwa kuwa zao halikupata jina lake, jina la mti likabeba vyote: majani, magome, na maji yaliyochemshwa. Ndivyo ilivyo kwa mlonge pia. Anayesema "natumia mlonge" anaeleweka kuwa anatumia unga wa majani. Bibi yangu alikuwa akiepua sufuria, anachuja yale maji ya kijani kwenye bakuli, kisha anaita, "Njoo unywe mwarobaini wako kabla haujapoa." Sikiliza hiyo "wako" na hiyo "haujapoa": kilichomo bakulini ni maji, ila upatanisho ni wa mti. Hicho ni Kiswahili safi.

Sasa uchungu. Uchungu ni nomino: uchungu wa kuzaa, uchungu wa kufiwa, uchungu wa dawa ulimini. Kivumishi ni -chungu, nacho hufuata ngeli: mwarobaini mchungu, majani machungu, kinywaji kichungu, dawa chungu. Mwanafunzi angeweza pia kuandika "mwarobaini wenye uchungu". Wengine hukimbilia "dawa kali", lakini ukali wa dawa ni nguvu yake. Dawa inaweza kuwa kali bila kuwa chungu hata kidogo.

Kwinini ndiyo iliyonifanya nikae na barua yako muda mrefu. Kwa wengi neno hili limekuwa jina la kila dawa chungu ya malaria, na naelewa lilikotoka: ladha ya vidonge vile haisahauliki. Hata hivyo kwinini ni kitu kimoja mahususi. Ni alkaloidi, yaani mojawapo ya kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea huzitengeneza, na nyingi kati yake ni chungu. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820 kutoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini. Jina lenyewe limetoka kwa Waquechua, wenyeji wa huko, ambao kwao kina ni gome. Kwetu dawa ilitangulia kujulikana kuliko mti, kwa hiyo jina likaenda kinyume cha nazi: tulipokea kwinini, tukaipachika m- ili tupate mkwinini. Mti huo uko hapohapo wilayani kwako, kule Amani, ambako Wajerumani waliupanda kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902.

Mwarobaini hauna kwinini. Uchungu wake unatokana hasa na kemikali za kundi lingine, limonoidi, ambazo hazina naitrojeni. Inayojulikana zaidi ni azadiraktini. Wala mtu asidanganywe na ule mwisho wa -ini. Kweli kafeini, nikotini na mofini ni alkaloidi, lakini artemisinini, dawa ya malaria inayotokana na mmea wa jamii ya pakanga, siyo.

Hapa sikubali tuseme "lugha ni matumizi, tuiache". Kwinini ina kipimo chake kwa mtoto na kwa mtu mzima, na ikizidi huleta mvumo masikioni, hata kuharibu uwezo wa kusikia na kuona. Mama anayeambiwa kwamba bakuli la mwarobaini lina "kwinini nyingi" anaweza kuamini kwamba mwanawe mwenye homa ameshapata dawa ya hospitali.

Kwa hiyo mrudishie mtoto alama ya mwarobaini, umkate ya uchungu. Hiyo ya kwinini mwachie mwenzako wa baiolojia.