MS na mazoezi hapa Dodoma: mguu ukianza kuburuta, uache au uendelee?

Kwa wanaoingia sasa: dada aliyeanzisha uzi yuko Nkuhungu, aligundulika mwaka jana ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inachubua ala, yaani ganda, la mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo). Anatembea mwenyewe bila msaada, ila akifika kama robo saa mguu wa kushoto unaanza kuburuta na jicho moja linaingia ukungu. Akikaa kivulini akanywa maji, hali inarudi. Nyumbani wanamwambia atulie asije akaumaliza mwili. Anauliza aache au aendelee, na kama ni kuendelea, kwa mtindo gani. Mwishoni kaulizia na fimbo.

Majibu mengi hapo juu ni "pumzika dada, afya kwanza". Mimi napinga.

Tuwatendee haki ndugu zako, hawakulitunga hilo. Kwa miongo mingi madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiwaambia wagonjwa wa MS wasijichoshe. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 54. Kundi moja lilifanya mazoezi ya mikono na miguu dakika 40, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 15. Pumzi ikaongezeka, nguvu ikaongezeka, na ugonjwa haukuchochewa. Siku hizi wenye MS wanahimizwa wafanye mazoezi. Ukikaa tu unabeba mizigo miwili: udhaifu ulioletwa na mishipa ya fahamu, na ule wa misuli inayonyauka kwa kutotumika. Wa kwanza huna mamlaka nao sana. Wa pili unao.

Sasa huo ukungu wa jicho. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliueleza mwaka 1890, na mpaka leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Mshipa wa fahamu uliochubuka ala yake hupitisha ujumbe kwa kubahatisha. Mwili ukipanda joto hata kwa nusu digrii tu, ujumbe unakwama njiani. Jicho linafifia, mguu unakuwa mzito. Mwili ukipoa, ujumbe unapita tena. Joto hilo halijaongeza kidonda chochote kwenye ubongo wala uti wa mgongo. Kwa maelezo yako, dada, kinachokusumbua hasa ni joto la mwili, na joto lina dawa.

Lakini jifunze kutofautisha. Dalili ya joto huja ukiwa kwenye shughuli na kwa kawaida huondoka ndani ya saa moja hivi ukipoa. Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikikaa zaidi ya saa 24 wakati huna homa, hilo ni shambulio la ugonjwa: mjulishe daktari wako wa mishipa ya fahamu na usimamishe mazoezi mazito. Ukiwa na homa, pima malaria na upime mkojo kwanza, maana maambukizi yenyewe huamsha dalili zote za zamani kama vile umeshambuliwa upya. Siku za homa hakuna mazoezi. Ukipona, rudi na nusu ya ulichokuwa unafanya.

Tuje kwenye saa. Mchana wa Dodoma, hasa Oktoba na Novemba, si wa kutembea na MS. Hata saa 11 jioni ni mtego: jua limelegea lakini lami na kuta zinarudisha joto zililokula mchana kutwa. Wakati wa baridi kuliko wote ni alfajiri, kabla jua halijapanda, ila usiwahi kupita kiasi. Mtu mwenye ganzi ya nyayo anasimama kwa macho yake. Ukimtoa gizani saa 11 alfajiri umemnyang'anya nusu ya uwiano wake, na barabara zetu za mitaani zina makorongo. Subiri mwanga wa kuona shimo, kwenye saa 12:30 asubuhi, uwe umerudi kabla ya saa 2. Juni na Julai mambo yanageuka: asubuhi kuna kipupwe na upepo, na kwa wengi wenye mkakamao wa misuli baridi inafanya miguu iwe kama mti. Miezi hiyo sogeza hadi saa 2 au saa 3, na uchezeshe miguu ndani dakika 5 kabla ya kutoka.

Kuna jambo tunawashinda watu wa Dar. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo kitambaa chenye maji kinakauka haraka, na kinavyokauka ndivyo kinavyoondoka na joto la mwili. Ni ileile siri ya mtungi wa udongo: maji yanapoa kwa sababu mtungi unatoka jasho. Dakika 15 kabla ya kutoka kunywa maji ya baridi kama nusu lita kwa mafunda. Loweka khanga au taulo ya pamba kwenye maji ya mtungi, kamua kidogo tu isichuruzike, zungushia shingoni na mabegani. Iliyokamuliwa mpaka kukauka haina kazi. Kama una friji, gandisha chupa mbili za nusu lita, shika moja kila mkono unapotembea. Viganja vina damu nyingi na vinapoza vizuri. Zifunge kwa kitambaa, hasa kama vidole vina ganzi, maana barafu inaunguza ngozi isiyosikia. Wakati wa mvua, Januari hivi, hewa ikiwa na unyevu khanga haikauki upesi, hapo tegemea barafu na kivuli kuliko kitambaa.

Kipimo cha kutembea. Hapa ndipo wengi wanaharibu, na kosa ni lilelile: mtu anatoka nyumbani anakwenda mbele mpaka achoke, ndipo anakumbuka kwamba kuna kurudi. Tembea kwa mzunguko mfupi unaopita nyumbani kwako kila baada ya dakika chache. Ukitaka kubadilisha hewa, Nyerere Square kuna mabenchi, nenda kwa bajaji ukatembee huko badala ya kuimaliza miguu njiani.

Tafuta dakika yako halisi. Usisubiri kuhisi mguu mzito, hisia inachelewa. Chagua njia ya mchanga, na Dodoma mchanga hatukosi, tembea, kisha geuka uangalie nyayo zako. Mguu wa kulia utaacha unyayo safi. Wa kushoto, ukianza kuchoka, utaacha mstari mwembamba mbele ya kidole gumba, pale ncha ya kiatu ilipokwaruza kabla ya kutua. Masikio nayo yanasaidia: raba ikianza kusugua, shwaa, shwaa, upande mmoja, ndiyo dakika yenyewe. Dalili nyingine ni goti kurudi nyuma kwa kishindo unapokanyaga. Tuseme mstari unaanza kuonekana dakika ya 12. Basi chukua theluthi mbili, dakika 8, na uzikate: dakika 4 tembea, 2 kaa, 4 tembea. Kukaa maana yake kukaa, kwenye kitu, sio kusimama ukiegemea mti. Ukipumzika hivi kati utafikisha dakika nyingi kwa siku kuliko aliyeenda mfululizo.

Kasi: uweze kuongea sentensi nzima, usiweze kuimba. Mara 3 kwa wiki zinatosha kuanzia. Kila wiki 2 ongeza dakika 1 au 2, usiongeze muda na kasi kwa pamoja. Kipimo cha kujua umezidisha: saa 2 baada ya mazoezi uwe umerudi ulivyokuwa. Ukiamka kesho yake bado umechoka, punguza robo. Shabaha ya baadaye ni dakika 150 kwa wiki, lakini hiyo ni ya kuifikia kwa miezi, na kazi za nyumbani zinahesabika pia. Kufua kaa kwenye stuli kivulini. Kubeba ndoo ya lita 20 kichwani achana nako kabisa. Bora madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, hata kama utaenda mara mbili.

Nguvu. Siku 2 kwa wiki, zisifuatane. Zoezi linalolipa kuliko yote ni kukaa na kusimama. Chukua kiti cha mezani, kisiwe kigoda na kisiwe sofa, mgongo wake uguse ukuta kisiteleze. Miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, inama mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, simama. Kushuka hesabu taratibu moja mpaka tatu. Wengi wanajitupa, na faida kubwa iko kwenye kushuka. Mara 5, pumzika dakika 2, rudia mpaka ziwe seti 3. Ukiona unaegemea mguu mzima tu, usiurudishe huo nyuma. Kinyume chake: mguu mgonjwa ndio ukae nyuma kidogo, huo ndio utakaobeba.

La pili ni la kunyanyua kidole cha mguu, kwa sababu huko ndiko kukwaa kunakoanzia. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu chakavu. Kata pembeni ya vali, uioshe ule unga mweupe wa ndani, ipasue kwa urefu upate mikanda miwili myepesi. Usichukue yenye viraka, inakatikia hapohapo na kukuchapa usoni. Funga mwisho mmoja kwenye mguu wa kitanda, mwingine upite juu ya unyayo karibu na vidole, kaa chini umenyoosha mguu, vuta vidole vije kwako, shikilia sekunde 2, achia polepole. Mara 8 hadi 12, seti 2. Siku mguu hautaki kabisa, fanya bila tyubu, hiyo pia ni kazi. Kama unyayo hauinuki hata mguu ukiwa haujachoka, hapo tyubu peke yake haitoshi, mwone mtaalamu wa fiziotherapia akupimie kifaa cha kushikilia kifundo.

Kunyoosha misuli fanya kila siku: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, sekunde 30, mara 3, bila kudundadunda, maana kudunda kunaamsha mkakamao. Wanaotumia baklofeni, dawa ya kulegeza mkakamao wa misuli, wajue ikizidi inalegeza hata misuli inayokushikilia, kwa hiyo angalia ni saa ngapi baada ya dozi miguu inakuwa teketeke. Dozi ibadilishwe na daktari, na kamwe usiikatishe ghafla, inaweza kuleta degedege. Na kama ukiinamisha shingo unapata shoti ya umeme mgongoni, ruka mazoezi yote ya kuinamisha kichwa.

Mkojo wa haraka: wengi wanaacha kunywa maji ili watoke kwa amani. Matokeo yake mkojo unakuwa mkali na kuchochea kibofu zaidi, choo kinakuwa kigumu, na mwili unashindwa kutoa jasho la kujipoza. Kunywa, nenda haja mara mbili kabla ya kutoka, na mzunguko wako upite penye choo.

Viatu ni raba nyepesi yenye kisigino kinachoshika. Ndala hapana, zinadai vidole vikamate, na vidole vyako ndivyo vyenye shida. Ukirudi kagua nyayo kwa macho, sio kwa kupapasa tu. Mbigili zinaweza kukaa kwenye mguu wenye ganzi siku mbili usijue.

Fimbo. Hapa Ugogoni mtu kushika fimbo hakumshangazi yeyote, bora kuliko watu kudhani umelewa. Ishike mkono wa kulia, upande wa mguu mzima, iende mbele pamoja na mguu wa kushoto. Urefu: vaa viatu vyako, simama wima, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Seremala anakata kwa dakika moja, lakini mwambie akate baada ya kupima fimbo ikiwa na kofia ya mpira chini, la sivyo itazidi. Kwenye ngazi mguu mzima unapanda kwanza. Kushuka, fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia. Hiyo kofia ya mpira igeuze uiangalie kila mwezi. Mistari yake ikilainika itakutelezesha kwenye vigae vilivyodekiwa, nunua nyingine kabla haijatoboka.