Maswali ya Wafugaji: Chupa ya nano na bwawa la sato

SWALI: Nafuga sato hapa Uyui, Tabora. Bwawa ni mita 20 kwa 15, kina mita 1, samaki 1,500, narutubisha kwa samadi ya kuku. Alfajiri samaki wanapanda juu wakihema. Jua likichomoza vizuri wanatulia. Nimeuziwa nusu lita ya "maji ya fedha nano", lebo inasema miligramu 20 kwa lita, eti yanaua magonjwa na kuleta hewa. Niyamwage yote?

JIBU: Usiyamwage. Nano ni kipimo tu: nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Udogo haukifanyi kitu kuwa dawa. Piga hesabu: chupa yako ina miligramu 10 za fedha, bwawa lina lita 300,000. Kila lita itaambulia miligramu 0.00003, haiui chochote. Na ukizidisha mpaka iue, itaua pia bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitrati isiyo kali, na matamvua ya samaki yataumia. Hewa haileti hata kidogo.

Samaki wako hawaumwi, wamekosa oksijeni. Mwani, vimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani, hutoa oksijeni mchana, usiku nao unaivuta, hivyo kabla ya mapambazuko ndipo inapokwisha. Funga kisahani cheupe kwenye fimbo uliyoitia alama za sentimita, ukizamishe saa sita mchana. Kikipotea machoni kabla ya sentimita 20, mwani umezidi: acha samadi, punguza chakula. Kinachofaa ni kipotee kwenye 30 hivi.

Kiangazi cha Tabora maji ya kubadilisha ni taabu, basi zungusha hayohayo. Kuanzia saa kumi usiku washa pampu ya umwagiliaji, maji yapite juu ya bati lililotobolewa na kudondoka kama mvua. Mdomo wa kuvuta uning'inize kwenye dumu tupu linaloelea, sentimita 30 chini ya uso, ukiwa na wavu. Ukiulaza chini utatibua tope, nalo hula oksijeni ileile unayoitafuta. Samaki watano kwa mita ya mraba ni wengi mno kwa bwawa la samadi. Vuna wakubwa, wabaki kama 900.

SWALI: Nina matangi ya vifaranga Kasulu, Kigoma. Mashine ya viputo nano ina maana?

JIBU: Hiyo ina maana, umeme ukiwa wa uhakika. Kiputo cha kawaida hupanda na kupasuka mara moja. Cha nano hakipandi, hubaki majini na kuachia oksijeni taratibu. Faida huonekana kwenye matangi yaliyosongamana, hasa ukiingiza oksijeni ya mtungi badala ya hewa. Weka na pampu ya akiba.

Ila ukiuziwa na unga wa nano wa seleniamu, aina ya madini ya lishe, usiuchanganye chakulani mwenyewe. Samaki huhitaji sehemu za miligramu kwa kilo ya chakula, mizani ya duka haioni kiasi hicho, na kutoka kufaa hadi sumu ni hatua fupi. Nunua chakula kilichochanganywa kiwandani.