Aliyekwambia ni nani? Majibu ya maswali yenu

Ami yangu amefariki, nami nimejua kwenye grupu la mtaa kabla nduguze hawajanipigia simu. Nina haki ya kuudhika? (Msomaji, Kisauni)

Unayo, na pole sana kwa msiba.

Niliwahi kuwa kwenye feri ya Likoni, mama mmoja mbele yangu akafungua simu. Akasoma. Mfuko ukamponyoka, maembe yakabingirika hadi chini ya magari. Amefiwa na nduguye, na habari imemfikia kwa maandishi, katikati ya tangazo la viti vya kuuza na dua ya Ijumaa, kutoka kwa mtu asiyemjua. Wa kumshika mkono tulikuwa sisi abiria.

Haraka naielewa. Waislamu tunazika mapema, na asiyeambiwa hukosa jeneza. Lakini zamani kijana akitumwa nyumba kwa nyumba alijua aanze wapi: watoto wa marehemu, ndugu, kisha majirani. Akiulizwa "nani kakwambia?" alikuwa na jina la kutaja. Siku hizi jibu ni "nimetuma kama nilivyopokea". Hilo si jibu. WhatsApp wenyewe waliona hatari: 2019 wakaweka kikomo cha gumzo tano kwa ujumbe unaosambazwa, na 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwishapita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukawa hauendi ila gumzo moja kwa mara moja. Watu wakaanza kunakili na kubandika, mishale ikapotea, na aliyeuanza hajulikani tena.

Kabla hujaweka tanzia, uliza: wafiwa wameruhusu? Kama hujui, nyamaza na uende msibani.

Nikifuta ujumbe kwa wote, umefutika kweli? (Msomaji, Changamwe)

La. Aliyekwisha kuupiga picha anao.

Binti yangu huandika "xaxa" na "cjui". Simu zinaua Kiswahili? (Mzazi, Tudor)

Swali hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi nalijibu. Ufupisho ule ulitoka kwenye SMS, herufi 160 tu, na kila ujumbe kwa pesa. Vijana wameuzoea, basi. Mwulize binti yako kama mtihanini huandika hivyo.

Linaloniuma ni jingine. Watoto wetu wakiwasha kamera wanaacha lafudhi ya nyumbani na kuvaa ya Nairobi, kwa kuogopa kuchekwa. Mtoto wa Kibokoni anayesema "mato", "nti" na "ndoo" (macho, nchi, njoo) hakosei: anasema Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, 1928, na tangu hapo shuleni tunasahihishwa maneno ya bibi zetu. Ujumbe wa sauti umetusaidia kuliko watu wanavyokiri. Nyanya asiyeweza kuchapa anabonyeza, anasema kwa lugha yake mwenyewe, na mjukuu aliye Doha anaisikia kama ilivyo. Zihifadhini sauti hizo. Nyingi zinapotea simu inapobadilishwa.

Wifi yangu huniwekea mafumbo kwenye status ya WhatsApp. Mume wangu asema ni kama leso (kanga) tu, nisijali. Ni kweli? (Msomaji wa kike, Majengo)

Mumeo amekosea.

Leso ina pindo, ina mji ule wa katikati, na chini ya mji ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Mwanamke hukwenda Biashara Street, akazikunjua jozi moja baada ya nyingine, akayasoma majina hadi akapata linalosema lake. Akalipa, akaenda kuipinda, akajifunga, kisha akapita mbele ya mlango wako mchana kweupe. Unamwona ni yeye. Ukiumia, unajua pa kwenda kushtaki, na wazee wanajua wa kumwita. Akikana, leso anayo kiunoni.

Status hudumu saa 24 ikatoweka. Anayeiweka anakaa chumbani akiangalia orodha ya waliotazama, anajua umeisoma, na ukimkabili atasema hakukukusudia wewe. Leso ilimlazimu mtu asimame nyuma ya neno lake. Status inampa pa kujificha.

Usimjibu kwa status yako. Wengi mmeniandikia mmefanya hivyo, na ugomvi wa watu wawili ukageuka wa koo mbili. Mwendee nyumbani, nenda na kitu mkononi, umuulize uso kwa uso: dada, kuna nini baina yetu? Na mumeo aende nawe. Ni dadake.

Nimetumiwa picha ya mtoto mgonjwa na nambari ya M-Pesa. Nichangie? (Msomaji, Mtwapa)

Si kabla ya kuzungumza na mtu unayemjua, aliyemwona mtoto huyo kwa macho yake. Lisome pia jina linalojitokeza kabla hujathibitisha kutuma; kama silo ulilotajiwa, acha. Nanyi mnaowapiga picha wagonjwa wodini na kuzisambaza, hata kwa nia njema: mwombeni ruhusa mgonjwa, au mzazi wake. Mtoto huyo akipona atakua, na picha ile itamkuta darasani.

Nikitoka kwenye grupu la ukoo wataniona nina kiburi? (Msomaji, Bamburi)

Tangu 2022 wanaojulishwa ni wasimamizi tu. Mpigie shangazi yako kwanza umwambie, kisha toka.