Fremu imebonyea, rangi bado mbichi

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya vyumba vitatu Kibaha, bei nzuri, imetoka kupakwa rangi. Nilipoegemea fremu ya mlango wa jikoni, ikabonyea: mchwa. Mume wangu anasema nyumba ya tofali hailiwi. Dalali ni shemeji yangu, anataka tulipe kabla ya Ijumaa. Nikikataa nitaonekana nina kisirani. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Mumeo kasema nusu ya kweli. Tofali mchwa hawali, lakini paa lenu halikushikiliwa na tofali. Wale hutoka udongoni, wakapenya kwenye ufa wa sakafu, wakapanda ukutani ndani ya vijia vya matope mpaka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Huko hula mbao kwa ndani na kuacha ganda. Wewe uliye chini unaona dari jeupe tu.

Fremu isikutishe. Hung'olewa, ukaweka nyingine, ya chuma ukipenda. Kinachoamua ni paa. Tafuteni fundi seremala wenu, asiwe wa dalali, apande darini na tochi na bisibisi. Agonge kenchi moja moja, achokonoe hasa pale mbao zinapokalia ukuta. Zikilia debe tupu, au bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliooza, hapo ni kuezua na kuezeka upya, na gharama hiyo muuzaji aikate kwenye bei, la sivyo achaneni nayo. Kenchi zikiwa nzima, nunueni, ila apunguze hela ya fremu na ya dawa. Dawa yenyewe isiwe ya kupuliza juu juu: sakafu itobolewe kandokando ya kuta, imiminwe udongoni waliko.

Mimi kilichonishtua ni hiyo rangi. Simwiti muuzaji tapeli, hata mimi nikiuza nyumba ningepaka. Ila rangi hufuta vijia. Chungulieni brashi isikofika: nyuma ya kabati la jikoni, chini ya sinki, na msingi wa nje upande wa bafu, maana mchwa hufuata unyevu.

Na hiyo Ijumaa ni ya shemeji, anayesubiri kamisheni yake. Kwa mumeo usiseme "sitaki". Sema, "Tupandishe fundi kwanza." Muuzaji akikataa dari lisifunguliwe, ameshakujibu.

Shemeji naye mwambie aje na ngazi.